Kipimo kinasema damu inapita, lakini maumivu yanarudi: je, niende kambini?

BARUA

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miaka minne, na ninaishi Igombe, wilaya ya Ilemela, hapa Mwanza. Kazi yangu ni kununua dagaa mwaloni, kuwaanika na kuwapeleka soko la Kirumba. Wakati wa giza, dagaa wanapopatikana kwa wingi, huvuka kwenda kambini upande wa Ukerewe na kukaa huko siku kumi na tano hadi ishirini. Mbalamwezi ikishakuwa kali, kazi inapoa na ninarudi nyumbani.

Miezi mitatu iliyopita, nikiwa nimeinama kugeuza dagaa kwenye chanja, nilishikwa ghafla na maumivu upande wa kulia, chini ya kitovu. Hayakuwa kama ya hedhi, wala kama uchungu wa kuzaa, ambao ninaujua. Nilikaa chini mchangani, nikatapika mara tatu, na jasho likanitoka hadi kanga ikalowa. Baada ya kama saa tatu maumivu yalikatika yenyewe, na jioni ile niliweza kupika. Kesho yake nilikwenda kwenye kituo kimoja cha binafsi mjini nikapigwa altrasaundi kwa juu ya tumbo. Karatasi niliyopewa imeandikwa Kiingereza, na binti wa jirani anayesoma chuo alinitafsiria hivi: ovari ya kulia ina uvimbe wa sentimita 7.4 kwa 6.1, ndani yake mna sehemu nyeupe inayotoa kivuli; hakuna maji tumboni; damu inapita kwenye ovari. Kuhusu ovari ya kushoto hakuna neno. Mtaalamu aliniambia kwamba damu kupita ni habari njema, kwa kuwa ovari ingekuwa imejisokota damu isingepita, basi nikaandikiwa dawa za maambukizi za siku saba.

Wiki tatu zilizopita yamerudi. Ilikuwa saa nane usiku, nilipojigeuza kitandani. Yalinishika hadi alfajiri, nikatapika tena, mume wangu akatafuta bajaji, na tulipofika zahanati yalikuwa yamekwisha. Muuguzi aliniuliza kama ninatarajia siku zangu, akanipa vidonge vya kutuliza maumivu, tukarudi.

Mama mkwe anasema hili ni chango, na kwamba Sengerema kuna bibi anayekanda tumbo hadi chango linalala. Jirani yangu naye anasema aliwahi kuambiwa ana uvimbe maji kwenye ovari, akanywa dawa ya mizizi miezi miwili, akarudi kupimwa, ukaonekana umetoweka. Ameniletea dawa hiyo, ninayo ndani. Mume wangu hapingi hospitali, ila anaogopa kwamba nikipasuliwa nitaondolewa kizazi, nasi tunahitaji watoto wengine.

Giza lijalo linaanza baada ya siku tisa. Nimechukua mkopo wa shilingi 600,000 kwenye kikoba chetu na sina njia nyingine ya kuurudisha isipokuwa kambi hii. Je, ninaweza kwenda, nikafanya kazi, kisha nikirudi ndipo nishughulikie tumbo? Na nikipimwa altrasaundi kwa mara ya pili itanisaidia nini, ikiwa ya kwanza imeshasema damu inapita?

Msomaji wa Igombe

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako lenye tarehe. Usiende kambini giza hili. Siku tisa hizo zitumie kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake, katika hospitali yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana, ukiwa na karatasi yako mkononi. Barua haipimi tumbo, na mimi sijakugusa; lakini uvimbe wa zaidi ya sentimita saba, maumivu ya ghafla ya upande mmoja yanayokuja na kutapika, kisha yanakatika yenyewe na kurudi tena, ni mambo ambayo yakikutana kwa mwanamke wa umri wako humfanya daktari yeyote mwangalifu afikirie ovari inayojisokota na kujisokotoa.

Ovari ya kawaida ina urefu wa kama sentimita tatu, na imeshikiliwa na kano mbili: moja inaifunga kwenye kizazi, nyingine inaiunganisha na ukuta wa nyonga, na hiyo ya pili ndiyo inayopitisha mishipa mikubwa ya damu. Umewaona wavuvi wakining'iniza taa kwenye kamba. Taa ndogo hutulia, lakini ukiongeza uzito chini, chombo kikayumba kidogo tu, kamba huanza kujizungusha yenyewe. Uvimbe wa sentimita tano na kuendelea ndio huo uzito. Kuinama, kubeba karai, hata kujigeuza kitandani kama ulivyofanya saa nane usiku, kunatosha kuizungusha ovari iliyolemewa. Upande wa kulia hupatwa zaidi kuliko wa kushoto, kwa sababu kushoto sehemu ya mwisho ya utumbo mpana imejaza nafasi, hivyo ovari ya huko haina uwanja wa kuzungukia.

Sasa tuje kwenye ile sentensi iliyokupa faraja: damu inapita. Nimeisikia mara nyingi, na inanisumbua kwa sababu nusu yake ni kweli. Kano inapojisokota, mishipa yote haibanwi kwa pamoja. Vena, zinazorudisha damu kwenye moyo, zina kuta nyembamba, kwa hiyo ndizo hufungwa kwanza. Ateri, zinazoleta damu, zina kuta nene na msukumo mkubwa, nazo huendelea kupitisha kwa muda. Matokeo yake damu inaingia na haitoki, ovari inavimba na kuuma, huku mtu mwenye mashine ya Dopla, yaani altrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi, akiona rangi zinacheza kwenye kioo. Zaidi ya hayo ovari hupata damu kutoka njia mbili, moja inashuka kutoka mshipa mkuu wa tumboni na nyingine inatoka kwenye mishipa ya kizazi, hivyo moja ikizibwa nyingine yaweza kuendelea kulisha. Kwa hiyo Dopla isipoona damu kabisa ndani ya ovari inayouma, hiyo ni ishara nzito ya msokoto; lakini Dopla ikiona damu, msokoto bado unawezekana. Mtaalamu wako aliuchukua ukweli wa upande mmoja akaugeuza kuwa wa pande zote mbili.

Tena kipimo chako kilifanyika kesho yake, maumivu yakiwa yamekwisha. Ikiwa ovari ilijisokota mchana ule kwenye chanja, basi yalipokatika baada ya saa tatu huenda ilikuwa imejisokotoa, na kesho yake mashine ingeona nini zaidi ya uvimbe uliotulia? Picha hukuonyesha tumbo lilivyo katika dakika ile tu. Haikuwa na njia ya kujua ya jana yake. Ni wewe uliyekuwa unayajua, na simulizi yako ilipaswa kupewa uzito sawa na picha.

Altrasaundi ya pili, ikifanywa na mtu mwenye nafasi na uzoefu, itakusaidia kwa mambo mawili yaliyo tofauti. La kwanza ni kuujua uvimbe wenyewe ni wa aina gani. La pili ni kutafuta alama za msokoto, na hili linafaa zaidi ukipimwa wakati unaumwa.

Kuhusu aina, karatasi yako inaeleza mengi kuliko ulivyoelezwa. Uvimbe wa kawaida wa maji, ule unaotokana na yai lililokua na kukosa kupasuka, huonekana mweusi tupu kwenye kioo, una ukuta mwembamba, na nyuma yake huwa na mng'ao kwa sababu mawimbi ya sauti hupita majini bila kizuizi. Uvimbe ulioingia damu huonyesha nyuzi nyembamba zilizotandaa kama wavu wa dagaa. Ule unaosababishwa na utando wa kizazi kuota nje ya kizazi hujaa ukungu wa kijivu ulio sawa kila mahali. Wako umeandikwa kuwa una sehemu nyeupe inayotoa kivuli. Kivuli hutokea pale mawimbi ya sauti yanapokutana na kitu kinachoyameza au kuyarudisha, kama vile mfupa, jino, au mafuta yaliyochanganyika na nywele. Usishtuke: uvimbe unaoitwa dermoidi huwa na vitu hivyo hasa. Hutokana na chembe za mayai ya mwanamke mwenyewe, ambazo zina uwezo wa kutengeneza kila aina ya nyama ya mwili, nazo wakati mwingine huanza kutengeneza ngozi, nywele na mafuta bila mimba kuwapo. Hakuna mtu aliyekutumia nywele tumboni. Nalitaja hili kwa sababu nimeona familia ikisambaratika baada ya daktari wa upasuaji kuwaonyesha ndugu kilichotoka.

Wapimaji wa nchi za baridi hukifananisha kivuli hicho na mlima wa barafu baharini, ambao kilele chake kinaonekana na sehemu kubwa imefichika. Sisi wa Mwanza tuna Jiwe la Bismarck, ambalo kila mtu analitazama na hakuna anayeona linakoishia chini ya maji. Kwako jambo hili lina maana halisi. Kivuli kikiufunika ukuta wa nyuma wa uvimbe, mpimaji hushindwa kuona unapoishia na huenda akaandika kipimo kidogo kuliko ukubwa wenyewe. Hizo sentimita 7.4 zichukue kama kadirio la chini.

Unaogopa saratani, ingawa hukuiandika. Nimeisoma kwenye barua yako pale ulipouliza kipimo cha pili kitakusaidia nini. Mwaka 2008 watafiti wa kundi la kimataifa linaloitwa IOTA walichapisha kanuni kumi nyepesi za altrasaundi, tano za kuelekeza kwamba uvimbe wa ovari si wa saratani na tano za kutia shaka. Kivuli ni mojawapo ya zile za kutuliza. Maji tumboni, nyama ngumu yenye kingo zisizo sawa, vinundu vinne au zaidi vinavyochomoza ndani ya ukuta, uvimbe wa vyumba vingi wenye nyama ngumu na kingo mbovu uliofika sentimita kumi, na damu nyingi mno ndani ya uvimbe ndizo za kutia shaka. Karatasi yako inasema hakuna maji, na haitaji nyama ngumu. Dermoidi kugeuka saratani ni jambo la nadra sana, na linapotokea huwapata zaidi wanawake wa umri mkubwa kuliko wako. Daktari anaweza bado kuagiza vipimo vichache vya damu kabla ya upasuaji, kwa sababu ni kawaida kufanya hivyo kwa wanawake walio chini ya miaka 40 wenye uvimbe usio wa maji matupu. Akiagiza, usidhani amekuficha kitu.

Jirani yako hakukudanganya. Uvimbe maji wa kawaida, na hata ule ulioingia damu, mara nyingi hunywea wenyewe ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili. Ndiyo sababu madaktari huagiza mgonjwa arudi kupimwa baada ya muda huo kabla ya kufikiria kisu. Miezi miwili ya dawa yake iliangukia humo humo, na mizizi ikachukua sifa ya kazi iliyofanywa na mwili. Mwongozo wa chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza wa mwaka 2011 unaeleza kwamba mwanamke ambaye bado anapata hedhi, mwenye uvimbe wa maji matupu usiofika sentimita tano, kwa kawaida hahitaji hata kufuatiliwa. Dermoidi haina tabia hiyo. Haisinyai kwa mizizi, na kwa vidonge vya hospitali vilevile haisinyai. Huongezeka polepole mwaka hadi mwaka.

Kukandwa tumbo ni jambo jingine kabisa, na hapa nakuomba uwe mkali kwa upole. Mikono inayosukuma tumbo lenye uvimbe unaoning'inia inaweza kuuzungusha, au kuupasua. Na mafuta ya dermoidi yakimwagika tumboni huwasha utando wa ndani vibaya mno. Mama mkwe hajakosea kuona kwamba kuna kitu kinachokuja na kuondoka, kwa sababu jina la chango limebeba maumivu ya aina hii tangu zamani, kabla hajatokea mtu wa kuona ndani ya tumbo. Mwambie hivi: “Mama, hospitali wamekiona chenyewe na wamekipima, kina ukubwa wa ngumi yangu.” Akipenda, nenda naye akaone kwenye kioo. Mara nyingi wazee wakishaona, wao ndio huwa wa kwanza kuulizia nauli.

Kupimwa kwenyewe kutakuwaje? Ulipimwa kwa juu ya tumbo, njia inayohitaji kibofu kijae mkojo, kwa kuwa mkojo huwa kama dirisha la kupitishia sauti. Kwa mwanamke aliyeolewa na kuzaa, njia inayoonyesha ovari kwa karibu zaidi ni ya ukeni, na kwa njia hiyo kibofu huachwa kitupu. Kipima ni chembamba, huvikwa kondomu mpya na kupakwa jeli, na kazi yote haizidi dakika ishirini. Una haki ya kuomba mpimaji mwanamke au kuwa na muuguzi wa kike chumbani. Hakuna mionzi, ni sauti tu, ya kiwango ambacho sikio haliwezi kusikia. Ni ndugu wa sauti ambayo watafiti wa samaki huituma chini ya ziwa letu kukadiria wingi wa sangara na dagaa. Undugu huo ni wa kweli. Katika miaka ya 1950 daktari Ian Donald wa Glasgow alianza kwa kutumia mashine ya kiwandani iliyokuwa ikitafuta nyufa ndani ya chuma, na katika makala ya 1958 iliyoitambulisha kazi hiyo kwa madaktari wa dunia, yeye na wenzake walimweleza mwanamke aliyekuwa amehesabiwa kuwa na saratani ya tumbo isiyopasulika. Sauti ilionyesha uvimbe mkubwa wa maji wa ovari. Ukatolewa, akapona. Kipimo hiki, kwa maneno mengine, kilijijengea jina kwa tatizo la nyumba moja na lako.

Ukiwa kitandani pale, mweleze mpimaji siku na saa za maumivu yote mawili kabla hajakuwekea jeli. Atazipima ovari zote mbili na kuzilinganisha, kwa sababu iliyojisokota huwa kubwa kuliko mwenzake, na viyai vyake vidogo husukumwa pembeni vikajipanga kama shanga kwenye uzi. Ataangalia kama ovari imehama kutoka ubavuni ikaja katikati, juu au nyuma ya kizazi, na kama kuna maji yaliyotuama. Mwenye jicho zuri atafuata kano yenyewe hatua kwa hatua, akitafuta mishipa iliyojiviringisha kama gamba la konokono. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko rangi za Dopla. Atabonyeza kidogo pia, akikuuliza kama maumivu ni pale pale, na hapo usijikaze kiume, sema. Ovari ya kushoto isisahaulike. Dermoidi huota pande zote mbili kwa takribani mwanamke mmoja kati ya kumi, na karatasi yako kukaa kimya kuhusu upande huo ni upungufu wa kipimo cha kwanza unaotosha peke yake kukurudisha.

Kabla ya hayo yote utaombwa mkojo wa kupima mimba. Usikasirike hata kama una uhakika. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huuma upande mmoja vilevile na inaua haraka, na hakuna daktari anayeruhusiwa kuisahau. Kidole tumbo nacho kiko upande huo wa kulia, na jiwe la figo huleta kutapika kama kwako. Wanawake wa ziwani tuna neno jingine la kuwekewa kila maumivu, nalo ni kichocho, ambacho kweli kimejaa mwambao wetu. Ukipewa dawa yake, meza, lakini isiwe mwisho wa safari.

Mume wako anaogopa kizazi. Mwambie kizazi hakihusiki. Uvimbe uko kwenye ovari, ambayo ni kiungo kingine, na kwa mwanamke wa miaka 27 lengo la upasuaji ni kumenya uvimbe na kuiacha ovari. Kuna njia ya matundu madogo na njia ya kufungua tumbo. Ya kwanza hupona haraka zaidi, lakini inayopatikana kwa wakati ni bora kuliko nzuri inayosubiriwa. Hata ovari iliyokutwa imejisokota na kugeuka nyeusi kwa damu iliyotuama, madaktari siku hizi huisokotoa na kuiacha, kwa kuwa nyingi huamka na kuendelea kutoa mayai. Zamani zilikuwa zikikatwa. Kabla ya kutia sahihi, muulize daktari mbele ya mume wako: “Mnapanga kuondoa uvimbe peke yake, au na ovari?” Na hata ikilazimu itoke, ovari moja nzima hutosha kushika mimba.

Ninachokiogopa mimi ni kambi. Ovari iliyojisokota huokolewa kwa kuwahi, na kila saa damu inaposimama nafasi hupungua. Ukishikwa saa nane usiku ukiwa kisiwani, na ziwa limechafuka, utasubiri mtumbwi hadi kukuche, kisha usubiri usafiri wa kufika Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, kisha huenda upewe rufaa ya kuja Mwanza, na meli nayo ina ratiba yake. Kutoka Igombe hadi hospitali ya Sekou Toure au Bugando ni barabara tu, hata kwa bajaji ile ile. Maumivu yakirudi kabla ya miadi yako, usisubiri yakatike na usipitie zahanati. Andika saa yalipoanza, usile wala usinywe kitu kwa sababu unaweza kuhitaji usingizi wa upasuaji, na ukifika mapokezi useme wazi: “Nina uvimbe wa ovari ya kulia wa zaidi ya sentimita saba, maumivu yameanza ghafla saa fulani, ninatapika, na hii ni mara ya tatu.” Sentensi hiyo itakuvusha foleni kuliko kulia. Na maumivu yakipungua ukiwa njiani, endelea na safari. Mara hii wakupime wakati kumbukumbu bado ni ya moto.

Kuhusu zile 600,000, sitajifanya kwamba ni jambo dogo. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba, na hata pale ambapo mfuko huo ni mwembamba, wanachama wenzako husikiliza zaidi wakiletewa karatasi ya hospitali kabla ya siku ya marejesho kuliko baada yake. Nenda kwa mwenyekiti wiki hii. Wifi au mwenzako mnayeaminiana anaweza kuvuka kwa mtaji wako mkagawana faida. Ni nusu ya riziki, lakini ipo. Kama una kadi ya bima ya afya, uliza mapema inafikia ngazi gani ya hospitali, na kama huna, hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii inayosikiliza wasioweza kulipa. Ofisi hiyo huonwa kabla ya upasuaji, siyo siku ya kuruhusiwa.

Karatasi ya kipimo cha kwanza usiiache nyumbani ukidhani ya pili itaifuta. Ile 7.4 kwa 6.1 ndiyo itakayomwonyesha daktari kama uvimbe umekua ndani ya miezi hii mitatu. Pembeni yake, kwa kalamu, andika tarehe mbili za maumivu, saa yalipoanza na saa yalipokatika, na tarehe ya mwanzo wa hedhi yako ya mwisho.